Taa ya mfuko wa hewa "imepona", na mtoto yuko mapajani kwa jajja, bibi yake

Asalaam aleykum Mzee wa Gereji,

Nakuandikia kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi na mume wangu tunauza vitenge na mashuka, na mwezi wa pili mwaka huu tulijikusanya tukanunua Toyota Wish ya mwaka 2011 kwenye bondi moja, yadi ya magari ya mtumba, Kampala. Dalali aliisifia mpaka tukaona haya kuomba apunguze bei. Ina ABS ya breki, ina mifuko ya hewa, ina VSC ya kuzuia kuteleza, hata ukigonga ukuta unatoka unacheka. Hayo ni maneno yake.

Siku ile ile tukirudi nyumbani, tulipofika Iganga ikawaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa na puto mbele yake. Haikuzima. Mume wangu akaipeleka gari kwa fundi hapa mjini, nusu saa tu fundi akasema imepona, tukalipa shilingi 80,000. Na kweli haijawaka tena. Hata asubuhi ufunguo unapozungushwa na taa nyingine zote zinawaka kwanza, hiyo haionekani.

Sasa shida yangu. Mume wangu hafungi mkanda. Gari lilikuwa linampigia kelele, akanunua kile kiklipu cha kuchomeka kwenye tundu la mkanda, kelele ikaisha. Akiona trafiki mbele anauvuta mkanda begani, akiwapita anauachia. Nikisema, ananijibu Mungu ndiye mlinzi.

Kwenye Idd tulikwenda kwao Masaka, na tukarudi na mama mkwe aje akae nasi kidogo. Mtoto wetu mdogo ana miezi 13 na nilikuwa nimemnunulia kiti cha gari, cha mtumba lakini kizuri. Mama mkwe alipokiona akasema mjukuu wake hafungwi kama mbuzi wa Idd, akampakata mapajani. Kiti kikaenda kwenye buti. Tulipofika Lwera, lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla. Mume wangu akakanyaga breki, mtoto akamponyoka jajja na kugonga mdomo kwenye kiti cha mbele. Alitoka damu kidogo tu, alhamdulillah, lakini mimi mpaka leo nikilala naona lile lori.

Mume wangu anasema breki zilitetemeka mguuni mwake, akadhani zinakatika, akaachia kidogo. Fundi yule yule amemshauri atoe fyuzi ya ABS ili breki zirudi kuwa "za kawaida". Shemeji yangu wa Kampala naye anasema gari hili limepitwa, tuliuze, tukope, tununue lenye kamera linalojisimamisha lenyewe.

Naomba uniambie: tuuze? Fyuzi itolewe? Na mama mkwe nimwambieje bila kuonekana sina adabu? Likizo ya shule tunamrudisha Masaka.

Mama wa Wawili, Busia.

Mama wa Wawili, mwanangu, wa aleykum salaam.

Katika barua yako yote kilichonishtua zaidi ni ile taa ambayo siku hizi haionekani. Lori la Lwera nimelielewa, na mdomo wa mtoto nao umenisikitisha. Lakini taa hiyo haikupona. Imefungwa mdomo.

Nikueleze inavyotakiwa kuwa. Ufunguo ukifika pale dashibodi inapowaka, kabla injini haijanguruma, kompyuta ya mifuko ya hewa inajikagua yenyewe. Taa nyekundu inawaka, inakaa sekunde kama sita hivi, kisha inazima. Kuwaka ni sehemu ya kazi yake. Isipozima, kuna hitilafu, na mara nyingi kompyuta inakuwa imeuzima mfumo mzima kwa hofu ya kufyatuka ovyo. Isipowaka kabisa kama hiyo yenu, basi kuna mtu ametoa balbu, au ameiziba kwa nyuma, au amekata waya. Wajanja zaidi ya huyo wenu huiunganisha na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja, mnunuzi asishtuke. Nimefungua dashibodi nyingi miaka yangu ya gereji na nimeyaona yote hayo.

Kwa hiyo leo hamjui kama gari lenu lina mifuko ya hewa au lina vifuniko tu. Gari likigongwa huko lilikotoka, mfuko ukifyatuka umekwisha, hautumiki mara ya pili. Kuweka mpya ni ghali, basi wengine hubandika kifuniko kizuri kwenye usukani na ndani hakuna kitu. Sisemi lenu ndilo hivyo. Inawezekana ni jambo dogo kabisa, soketi ya njano chini ya kiti imelegea kwa sababu mtu alisukuma mzigo, au ule utepe wa nyaya unaojizungusha ndani ya usukani umekatika. Mpelekeeni fundi umeme mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kwanza airudishe taa ifanye kazi, pili asome msimbo wa hitilafu, na mumeo awepo auone kwa macho yake. Fundi akianza kuzigusa nyaya za njano bila kutoa kwanza waya wa betri na kusubiri angalau sekunde 90, mwambieni ahsante, ondokeni. Ule mfuko unafyatuka kwa baruti, haupulizwi kwa pampu.

Mkiwa hapo hapo, andikeni namba ya chesisi, kisha muulize kwa wakala rasmi wa kampuni iliyounda gari kama kuna matengenezo ambayo kiwanda kiliyaitia magari hayo. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaume, labda na mumeo, wanaosema mifuko ya hewa inaua, na si uongo mtupu. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ambayo baruti yake ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikifyatuka inarusha vipande vya chuma. Watu zaidi ya 20 walikufa duniani, mamilioni ya magari yakaitwa yabadilishiwe, zikiwemo Corolla na Vitz, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu sisi tunavyo vya kutosha. Mfuko ulioitwa na kiwanda hubadilishwa bila malipo. Msiende kununua wa mtumba sokoni, hamjui ulitoka gari gani wala ulilala wapi.

Sasa mkanda, na hapa nitakaa.

Mwambie mumeo asome maandishi yaliyo kwenye usukani wake. Kuna herufi SRS. Maana yake ni mfumo wa kuzuia wa ziada. Ziada ya nini? Ya mkanda! Walioutengeneza ule mfuko walikadiria kwamba aliyekaa pale amejifunga. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia hadi leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikaacha wengine wautumie bure. Yote yaliyokuja baadaye yamejengwa juu yake. Hata mkanda wenyewe umekua. Kwenye magari ya umri wa hilo lenu, ile mikanda ya mbele ina kifaa kinachouvuta ukukaze gari linapogonga, kisha unalegea kidogo kwa kipimo ili usikuvunje mbavu. Halafu ndipo mfuko unapokupokea, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Asiyejifunga anakuwa ameshatupwa mbele wakati wa breki, uso uko karibu na usukani, na mfuko unatoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hapo haukupokei, unakupiga. Kwa hiyo kile kiklipu kimeua kelele na kimeharibu faida ya mfuko pia. Ni vitu viwili kwa bei ya kimoja, dalali wenu angekisifia.

Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa aliyekaa mbele hadi nusu. Hakuna kifaa kingine ndani ya gari chenye rekodi kama hiyo, na hiki mmeshakilipia.

Kuhusu Mungu ndiye mlinzi, mimi ni Muislamu na ni mzee, sibishani naye. Ila nadhani anaikumbuka habari ya yule Bedui na ngamia wake. Mtume alimwambia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Ripoti ya polisi wetu ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda, na sidhani kama walikuwa na imani haba kuliko yeye.

Siku moja asubuhi, kabla hamjaenda sokoni, vuta mikanda yote ya gari moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Iangalie kama imechanika, imeliwa na jua au ina mawimbi mawimbi. Kisha ishtue kwa nguvu, inapaswa kukataa. Ukiuachia urudi wenyewe. Mkanda wa mbele uliokwama nusu, usiovutika wala kurudi, huenda ulishafanya kazi kwenye ajali huko nyuma, na hiyo ni habari nyingine ya kumpelekea yule fundi wa mashine.

Kwa mama mkwe nenda taratibu. Usimwambie wewe. Mwambie mumeo amwambie, kwa sababu likitoka kwa mtoto wake ni nasaha, likitoka kwa mkwe ni ujuaji. Wala asianze na mambo ya sheria. Aanze na lile la Lwera, kwamba mama, ulimshika vizuri na bado alikuponyoka, na haikuwa kosa lako.

Kwa sababu kweli si kosa lake. Mtoto wa miezi 13 ana kilo kama 10. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, kwa ule muda mfupi wa kusimama anavuta mbele kwa nguvu ya kilo 300 hivi. Hayo ni magunia matatu ya mahindi. Jajja gani anashika magunia matatu? Na hiyo kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, ghorofa ya tatu. Hakuna anayempakata mjukuu akaruka ghorofa ya tatu akitegemea mikono yake. Tena jajja mwenyewe asipojifunga anakuja na uzito wake wote mgongoni kwa mwanawe anayeendesha, na mtoto yuko katikati yao. Mbuzi wa Idd, mkumbushe kwa utani akiwa na moyo mkunjufu, hafungwi kwa faida yake.

Umpe kazi. Kiti kifungwe safu ya kati, jajja akae kando yake na mkanda wake, awe ndiye anayempa mtoto maji na kumshika kidole. Bibi akipewa cheo hugombani naye.

Kiti chenyewe, kwa sababu ni cha mtumba, kigeuze uone kama kina ufa kwenye plastiki na kama mikanda yake inakaza. Muuzaji akishindwa kukuambia kilikotoka, kuwa na wasiwasi. Kwa umri huo mtoto aangalie nyuma. Kanuni mpya za Umoja wa Mataifa za viti hivi zinataka hivyo mpaka angalau miezi 15, na ukiweza kuendelea zaidi ni bora, maana kichwa chake ni kizito na shingo bado changa. Chomeka mkono pale mgongo wa kiti cha gari unapokutana na makalio, ukigusa vyuma viwili hizo ni ISOFIX, kiti kinachofaa kinang'ata hapo. Kama chako si cha aina hiyo, kinafungwa kwa mkanda wa gari, mradi ukikitikisa kisicheze. Wala usikiweke kamwe kiti cha mbele kikiangalia nyuma, hata jajja akisema apewe hewa, kwa sababu mfuko wa abiria ukifyatuka unamkuta mtoto kisogoni. Na usiseme mfuko wetu haufanyi kazi. Hilo bado hamlijui. Mkubwa wako hukuniambia umri, lakini kama hajafika sentimita 135 anahitaji kikalio cha kumnyanyua, ili mkanda upite begani badala ya shingoni na uvuke nyonga badala ya tumbo.

Fyuzi ya ABS isitolewe. Mguu wa mumeo ulitetemeka kwa sababu mfumo ulikuwa unafanya kazi, breki hazikuwa zinakatika. ABS inabana na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde ili tairi zisijifunge na kuteleza, na ndiyo inayokuwezesha kukata usukani ukwepe lori huku bado umekanyaga. Kuachia ndiko kulikokaribia kuwaua. Siku ile alipaswa kukanyaga kwa nguvu zote na asiachie mpaka gari lisimame, litetemeke linavyotaka. Ajizoeze siku moja mahali peupe pasipo watu, kwa mwendo wa kilomita 30, ili mguu uzoee. Kwenye maramu yenye kokoto ABS inaweza kurefusha kidogo umbali wa kusimama, hilo fundi wenu akilisema amesema kweli, na dawa yake ni kupunguza mwendo kwenye maramu. Fundi wa kuzima taa na kutoa fyuzi kwa kweli mimi nisingemrudia hata kwa kubadilisha oili.

Kama gari lina VSC, utaona taa ya kigari chenye mikia ya kuteleza ikiwaka na kuzima pamoja na nyingine asubuhi. Hiyo inalinganisha unakoelekeza usukani na gari linakokwenda kweli, vikitofautiana inabana breki ya tairi moja tu kukurudisha njiani. Mercedes na Bosch waliianzisha mwaka 1995, na katika vyote vya kompyuta ndiyo ninayoiheshimu kuliko vyote. Kwa kona za msitu wa Mabira mvua ikinyesha, iache iwashwe. Kitufe cha kuizima ni cha kujikwamua kwenye tope.

Shemeji yako hajakosea kwamba kamera zinasaidia. Toyota walianza kuweka huo mkusanyiko wa kamera na breki za kujisimamisha mwaka 2015. Lakini kioo cha mbele kikibadilishwa bila kamera kupimwa upya, inaweza kuona vibaya, na vioo kwetu vinavunjwa na kokoto kila siku. Kukopa mamilioni ili ununue gari linaloona mbele, halafu dereva yule yule akachomeka kiklipu kile kile? Hapana. Msiuze. Hela kidogo mliyonayo iende kwenye tairi.

Tairi hukuzitaja hata mara moja, wala dalali hakuzitaja, na kila kitu nilichokuandikia hapa kinashika lami kupitia viraka vinne vyenye ukubwa wa kiganja. Ubavuni mwa tairi tafuta neno DOT, fuata mpaka namba nne za mwisho. Ikiwa 1219, ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Kama hazionekani nje, zipo ubavu wa ndani, ingia chini na tochi. Gari la bondi mara nyingi linakuja na tairi zenye meno mazuri na mpira uliokwisha kukauka. Yenye miaka 10 itoke hata kama inang'aa, na kuanzia miaka sita muangalizie nyufa ndogo ndogo kando. Upepo ujazwe tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Yule kijana wa petroli anayejaza kila gari sawa, muoneshe hicho kibandiko.

Mambo madogo mawili. Kama mna boksi la tishu na kapeti la manyoya juu ya dashibodi upande wa abiria, ondoeni, mfuko unatokea hapo. Na mkirudi Masaka na matoke, mkungu ulale sakafuni, umebanwa na mgongo wa kiti, usiwe juu ya mizigo mingine nyuma ya vichwa vya watoto. Wish haina ukuta kati ya buti na abiria.

Kile kiklipu kichukue wewe. Usikitupe sokoni, kuna mtu atakiokota. Kikate kwa koleo.

Kabla ya likizo niandikie tena, barua fupi tu. Niambie asubuhi ufunguo ukizungushwa zinawaka taa zipi na zipi zinazima, mashine ya fundi ilisoma nini, na zile namba nne za kila tairi, tano ukihesabu ya akiba.